Milimita Kumi na Mbili za Nyuma

Kila mtu mtaani kwetu Kanyenye alikuwa na maoni yake kuhusu kimo cha gari langu, na hakuna hata mmoja niliyemwomba. Muuza vocha alisema linyanyuliwe. Mzee wa duka la vitenge alisema linyanyuliwe, tena liwekewe tairi pana. Imamu wetu, mtu wa heshima zake, alinisimamisha mlangoni kwangu akaniuliza kwa upole kama nina habari kwamba masika hayako mbali. Tabora ukinunua gari, jambo la kwanza ni kulipandisha. Unaweka vipande vya chuma juu ya springi, linapanda inchi mbili, unamshukuru Mungu, unaenda nalo Ulyankulu kufuata tumbaku bila kuchuna tumbo. Mimi nilitaka kulishusha. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, muuza spea, mama wa watoto watatu, anataka gari lake lilale chini! Nilichekwa mpaka nikazoea, na nilipozoea nikaanza kuwajibu, na mimi nikianza kujibu huwa siachi.

Gari lenyewe ni kuukuu, la Kijapani, milango miwili, linasukumwa na matairi ya nyuma. Karibu na Puge, njia ya Nzega, wakandarasi waliojenga barabara waliondoka wakaacha kambi, na ndani ya kambi wakaacha mzunguko wa lami uliokuwa wa malori yao. Sisi wapenda magari, watu thelathini hivi kutoka Tabora, Nzega, Shinyanga na Mwanza, tuliongea na kijiji tukaruhusiwa kukimbiza magari pale mara moja moja. Gari moja linaingia, linazunguka, linapimwa kwa saa, linatoka. Hakuna kushindana ubavu kwa ubavu. Unashindana na saa na ujinga wako.

Sasa, kwa nini watu wazima wagombane kuhusu kimo? Gari likiwa juu, kwenye kona linalala upande kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Likiwa chini mno, springi inakosa nafasi ya kubonyea, shokapu inagonga mwisho wake, na tairi inarukaruka badala ya kushika lami. Katikati ya hayo mawili pana mahali pake, na ukikosea kwa upana wa kidole umekosea sana. Halafu kuna habari ya nyuma na mbele. Nyuma inatakiwa ikae juu kidogo kuliko mbele. Kidogo tu. Ikizidi, uzito wote unakimbilia mbele, na ukikanyaga breki makalio ya gari yanataka kukupita barabarani.

Fundi wangu alikuwa kaka yangu, mzaliwa wa kwanza nyumbani kwetu. Gereji yake iko nyuma ya duka langu. Alinipita miaka kumi na mitano, kwa hiyo hata tukiwa tunakwenda kugombana, ninaanza na shikamoo. Sifa yake ilikuwa jicho. Alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara, lori linapita, anasema, "Yule nyuma kushoto amevunjika springi." Unalipiga jeki, unakuta kweli. Watu walileta magari kutoka Sikonge na Nzega, si kwa sababu ana vifaa, maana hakuwa na vifaa vya maana, ila kwa sababu ya lile jicho.

Kisha ikamjia presha ya macho. Ilianzia pembeni, ikawa inakula kuja katikati, na hospitali wakamwambia kilichokwisha kuondoka hakirudi. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la ekzosi. Tuliojua tulikuwa watatu, mke wake, mume wangu na mimi. Mama hakuambiwa. Na kule barabara kuu ilikuwa imefunguliwa gereji mpya yenye mashine ya kompyuta, skrini inawaka rangi nyekundu na kijani, na wateja walikuwa wameshaanza kuichungulia.

"Mdogo wangu," aliniambia, "fundi wa jicho akisikika haoni, kesho yake anauza spana. Ukilitoa hili neno, mimi nimekwisha."

Niliapa. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu nikiwa nimemshika mkono. Ninaliandika hili mapema ili mtu asije akasoma huko mbele akanionea huruma.

Kosa la kwanza la kimo lilikuwa langu na nalikubali. Niliona picha za magari ya Dar, yale yanayolamba lami, nikataka langu liwe hivyo. Zile shokapu nilizofunga zina uzi mrefu mwilini, kama bolti kubwa, na ringi mbili unazozungusha kwa spana maalumu, gari linapanda au linashuka. Nikamwambia kaka, shusha. Akasema, "Litagonga." Nikasema, shusha. Akashusha. Tukaenda Puge, nikaingia kona ya kwanza, na gari likaanza kurukaruka kama nimepakia vyura. Tairi ya mbele ilikula madigadi. Mzunguko mzima nilisikia ga-ga-ga chini ya miguu, na kila ga nilijua kaka amesimama pale nje anaisikia na yeye, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Nilipotoka aliniuliza, "Limegonga?"

"Kaka, usianze."

"Nimeuliza tu."

Tangu hapo tukaanza kutafuta kimo kwa adabu. Sakafu ya gereji ina mteremko kuelekea mtaroni, kwa hiyo kaka alichimbia mawe manne bapa, moja kwa kila tairi, akayasawazisha kwa ule mpira wa maji wa waashi. Unajaza maji mpirani, unashika ncha hii na mwenzako ncha ile, maji yenyewe yanakuonyesha usawa. Kwenye kiti cha dereva tulikuwa tunaweka kiroba cha mchanga chenye uzito wangu. Alinipeleka nikapimwe kwenye mizani ya wauza mpunga, watu wakinitazama, halafu akarudi akaongeza kopo moja la mchanga. Nikamuuliza la nini. Akasema, "La pilau ya Idi."

Tulifanya kazi hiyo Ijumaa baada ya swala, gereji za jirani zikiwa bado zimefungwa. Sababu ni kwamba mimi ndiye nilikuwa namsomea. Nachuchumaa kwenye gurudumu, naweka futikamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, nasema namba kwa sauti ya chini, na yeye anaishika kichwani. Mtu akitokea, tunabadilishana haraka, yeye anashika futikamba, mimi nashika kitambaa cha kufutia mikono kama dada aliyekuja kusabahi. Tulicheza mchezo huo miezi minane. Na si kwa gari langu tu. Magari ya wateja, malori, bajaji, yote nilimsomea. Duka langu lilikuwa linafungwa katikati ya mchana, wateja wangu wananung'unika, na siwezi kuwaambia ninakwenda wapi.

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Milimita tano chini, tunakwenda Puge, mbele haishiki. Milimita nane juu, tunakwenda Puge, linalala ubavu. Mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa anatufuata na pikapu iliyobeba spana na jeki, anakaa kivulini na gazeti lake. Siku moja aliniuliza kama kweli tofauti ya upana wa kidole inaweza kumkosesha mtu usingizi. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Lakini tulipapata. Mia tatu thelathini mbele, mia tatu arobaini na mbili nyuma. Nilizunguka mara sita na gari lilikaa kama limepigwa misumari kwenye lami. Nilitoka nikicheka peke yangu. Kaka akapitisha kiganja kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe, akasema, "Hapa. Sasa asiguse mtu."

Habari zikafika Mwanza. Wako mabwana wawili kule wana magari matano ya namna hii, na walikuwa wanamtafuta fundi wa kuwawekea yote. Wakapiga simu: wangekuja Puge Jumamosi, waone gari likizunguka, wakiridhika watamletea kaka magari yote matano. Ungemwona kaka! Alinyoa ndevu. Alinunua ovaroli mpya. Aliniambia kazi ile ikipatikana hatahitaji tena jicho la barabarani wala kushindana na kompyuta, atafanya kazi za namna moja, polepole, kwa mikono yake, na mimi nitamsomea mpaka hapo Mungu atakapopenda. Alikuwa anaisubiri Jumamosi ile kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Jumamosi asubuhi nililipandisha gari kwenye mawe manne, nikahakiki mara ya mwisho. Mbele mia tatu thelathini. Nyuma mia tatu na thelathini. Nikarudia. Mia tatu na thelathini, kulia na kushoto. Milimita kumi na mbili zimeondoka! Kaka alikuja, akaegemea buti kwa mikono miwili, akabonyeza, akaachia. Akabonyeza tena, akaachia, akasikiliza.

"Hili gari limebeba kitu," alisema.

"Limebeba nini? Nimetoa kila kitu mwenyewe jana. Hata tairi la akiba nimeliacha nyumbani."

"Linarudi taratibu. Gari tupu halirudi hivi."

"Springi zimelala, kaka. Ni mpya, zimekaa, ndiyo kawaida."

"Usiguse," alisema. "Nimekwambia asiguse mtu."

Saa mbili ilikuwa imeshapita na nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka sina masikio. Nikamwambia maneno ambayo wakati ule niliona ni ya akili sana: "Kaka, futikamba ina namba. Mkono wako hauna namba." Nilichukua spana, nikazungusha ringi za nyuma mizunguko sita kila upande, milimita mbili kwa kila mzunguko, nikapima. Mia tatu arobaini na mbili. Nikamsomea kwa ushindi. Alisema, "Haya," akaenda kukaa kwenye pikapu na shemeji yake.

Njiani gari nililihisi zito. Nikasema ni woga wangu. Puge tulipitia kwa mama mdogo, kwa sababu huwezi kupita Puge ukaacha kuingia kwa mama mdogo, hata ukiwa na wageni kutoka Mwanza wanaokungoja juani. Tukasalimiana, mwangaluka, shikamoo, habari za nyumbani, watoto, mvua, mashamba. Chai ikaletwa, na chai ya Puge haiji bila viazi. Niliwapelekea mikate na sukari, na wakati wa kuaga mama mdogo alinishika mikono yote miwili akasema asanteni sana kwa mzigo, Mungu awazidishie. Nikasema si kitu, mama, ni vidogo tu. Nikaingia kwenye gari, nikaondoka.

Kambini walikuwapo watu kama arobaini. Wale mabwana wawili wa Mwanza walikuwa wamevaa kofia, wamekunja mikono, wameshakaa karibu na kona ya tatu, ile kali. Kaka alikwenda kuwasalimia, mume wangu akimshika kiwiko kana kwamba wanaongea jambo. Nilivaa helmeti juu ya mtandio, wakacheka wale wa Shinyanga kama kawaida yao, nikaingia kwenye lami.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu kupasha tairi moto. Wa pili nikafungua. Kona ya kwanza sawa. Ya pili niliisikia nyuma nyepesi, kama gari limesimama kwa ncha za vidole. Ya tatu nikakanyaga breki pale pale ninapokanyaga siku zote, na makalio yakanipita. Niliona nyasi, nikaona watu, nikaona tena nyasi, nikaona nilikotoka. Nilitoka nje ya lami kinyumenyume nikasimama kwenye mahindi ya mtu.

Sikuumia. Afadhali ningeumia kidogo, pengine ningekosa pumzi ya kusema. Nilitoka garini nikatembea mpaka pale walipo, na kaka alikuwa anakuja mbele yangu na mikono ameinyoosha kidogo, anauliza, "Uko salama? Mdogo wangu, uko salama?" Na mimi, badala ya kumjibu swali hilo moja dogo, nilimpigia kelele mbele ya umati.

"Nimeweka roho yangu mikononi mwa mtu asiyeona! Huoni, kaka! Miezi minane huoni, mimi ndiye ninakusomea namba, mimi! Mbele umeiweka vipi, umeipapasa tu!"

Hata nilipokuwa naongea nilijua kwamba ringi za mbele hazijaguswa tangu siku gari lilipokaa vizuri. Nilijua aliyezungusha ringi asubuhi ile ni mimi. Nilijua, na mdomo uliendelea. Wahenga wamesema hasira hasara, na mimi nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani inahusu watu wanaovunja sahani.

Mmoja wa wale mabwana aliitoa kofia akaitazama ndani. Kaka alishusha mikono. Hakuniuliza tena kama niko salama.

Ndipo mume wangu alipokuja na simu yangu ameinyoosha. "Mama anapiga. Mara ya tatu hii." Nikapokea, kwa vile mama yetu usipopokea anadhani umekufa. Sauti yake ni ya mtu asiyeamini simu, anaongea kama anaita ng'ambo ya bonde, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mwanangu! Ile asali haikumwagika njiani?"

"Asali gani, mama?"

"Madumu mawili! Nilimwambia jirani ayatie kwenye buti alfajiri, ya kumpelekea mama yako mdogo, si wana ugeni wa posa kesho! Mwenyewe kaniambia wameshayashusha, nauliza kama haikumwagika."

Madumu mawili ya lita ishirini. Asali si maji, asali ni nzito, dumu moja mtu mzima analibeba akiguna. Nililipima gari likiwa na asali ndani ya buti, nikalinyanyua nyuma ili nifidie asali, halafu asali ikashuka Puge nikiwa ndani nakula viazi. Nyuma ikabaki juu milimita kumi na mbili. Nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimesimama na simu sikioni, mama bado anauliza juu ya vifuniko.

Na kaka alikuwa ameniambia. Kwa mikono yake, bila kuona, alikuwa ameniambia gari limebeba kitu.

"Kaka," nilianza.

"Nipe spana," alisema.

Tulilisukuma gari kutoka mahindini. Alipiga magoti kwenye lami ndani ya ovaroli yake mpya, akaingiza mkono juu ya tairi, akaanza kurudisha ringi akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka sita, kisha akahamia upande wa pili. Watu walijongea. Awali walikuwa wanatazama gari. Sasa walikuwa wanatazama mikono yake. Spana ilipomponyoka na akawa anaitafuta chini kwa kiganja, mtu mmoja wa Shinyanga aliisogeza kwa ncha ya kiatu mpaka ikamgusa vidole. Kaka alisema, "Ahsante." Nilitamani lami ipasuke.

Nikaingia tena. Sikutaka, lakini alisema, "Nenda, wageni wametoka mbali." Na gari likazunguka. Jamani, lilizunguka! Kona ya tatu nilikanyaga breki palepale na lilitulia kama mtoto aliyeshiba. Nilipunguza sekunde nne kwenye muda wangu bora. Nililia ndani ya helmeti mzunguko mzima, na haikuwa furaha.

Mabwana wa Mwanza walinipa mkono. Walisema hawajaona gari dogo likikaa vile. Walikuwa wanaongea na mimi. Kaka alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anajifuta mikono, na mmoja wao akapunguza sauti akaniuliza, "Sasa dada, huyu mzee akiacha, nani atakushikia hii kazi?"

"Haachi," nilisema. "Ni yeye aliyeliweka. Kosa lilikuwa la asali." Nikawasimulia asali. Walicheka sana, wakanipigapiga bega. Magari matano hayakuja.

Nyumbani nilikwenda kwa mama nikiwa nawaka. Nikamuuliza inakuwaje mtu anaweka mzigo kwenye gari la mtu bila kumwambia. Alinitazama kama nimepotelewa na akili. "Gari linakwenda Puge na lina nafasi," alisema, "nikuombe kibali? Watu wa hapa tulibeba pembe za ndovu kwa mabega mpaka pwani, mwendo wa miezi, na kila mzigo ulifika. Wewe una gari unanilalamikia madumu mawili!" Na kweli, Tabora nzima gari likiondoka ni la kila mtu, na mimi niliyezaliwa hapa nilipaswa kufungua buti kabla ya kufungua mdomo. Kosa la asali ningeweza kulisamehe kwa urahisi. La mdomo silijui dawa yake.

Maana neno lilifika Kanyenye kabla yetu. Jumatatu muuza vocha alishajua. Mzee wa vitenge alishajua. Wiki nzima nilisimama mlangoni mwa duka nikieleza kwa kila anayepita habari ya asali, mkono, springi, kwamba kaka alikuwa amejua kuliko futikamba, na kila mtu alicheka kwenye asali na kutikisa kichwa kwenye macho. "Pole sana dada, na ameficha muda wote huo, masikini." Masikini! Nilitaka kuwarushia plagi. Wateja wa zamani walikuja na heshima zao zote, shikamoo fundi, halafu wananigeukia mimi, wananieleza mimi gari linaumwa wapi, kana kwamba mimi ni mama yake nimempeleka zahanati. Mwingine alianza kumpigia kelele kama kiziwi. Kaka alimwambia, "Bwana, nina shida ya macho. Masikio ni mazima." Yule bwana akaomba radhi, na wiki iliyofuata nililiona gari lake linatoka kwenye ile gereji ya kompyuta.

Nilimwomba kaka msamaha mara nyingi. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikwenda na kuku. Kila mara alisema, "Yameshapita, mdogo wangu," na akaniuliza habari za watoto. Mke wake hakunisemesha mwezi mzima, na huyo angalau nilimwelewa.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilifunga duka kama ilivyokuwa desturi yetu, nikachukua futikamba, nikaenda nyuma. Juu ya mawe manne palikuwa na gari la mwalimu mmoja wa sekondari, kati ya wachache waliobaki. Kaka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Mama anayeuza chapati nje ya gereji alikuwa amechuchumaa kwenye tairi ya mbele, unga bado mikononi, anasoma kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini.

"Mia tatu... na hamsini... na saba, fundi!"

"Una uhakika?"

"Hamsini na saba, wallahi."

"Haya. Zunguka nyuma."

Nilisimama mlangoni mpaka nikajichoka. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Aligeuza uso, akanitafuta kidogo, akanipata.

"Mbona hukuningoja?"

"Una duka lako, mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonimaliza. "Nilikuwa nakusumbua kwa sababu kulikuwa na siri. Sasa siri haipo. Yeyote anayejua kusoma ananitosha."

Nilitaka anitukane. Nilisimama pale na futikamba mkononi namwomba Mungu kaka yangu anitukane, hata tusi moja, la nguoni, mbele ya watu. Alikuwa ameshageukia gari.

"Dada," mama wa chapati aliniambia kutoka kule chini kwenye tairi la nyuma, "sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Nikasogea.